Chama cha Mgonjwa, Kiti cha Daktari

Nilipokuwa mdogo, ukifanya kituko chochote nyumbani uliambiwa utapelekwa Mirembe. Sikujua kwamba Mirembe ni hospitali ya kweli, iko Dodoma, na ipo tangu 1927. Nilidhani ni neno la kutishia watoto tu, kama zimwi.

Nilikumbuka hayo Oktoba iliyopita, mhariri aliponituma kuripoti Siku ya Afya ya Akili Duniani. Kazi zenyewe si mnazijua: wewe unafika saa tatu, mgeni rasmi anafika saa tano. Meza kuu ilijaa wataalamu na wanasiasa, na kila mmoja alihutubia. Safu ya mwisho kabisa walikaa watu waliovaa fulana za shughuli, nikaambiwa hao ndio "wanufaika". Waliimba wimbo mmoja, wakapigiwa makofi, wakala pilau. Hakuna aliyepewa kipaza sauti. Na mimi nakiri, sikumfuata hata mmoja kumhoji. Habari yangu ilitoka imejaa majina ya wakubwa.

Aibu ile ndiyo iliyonifanya nitafute siku hii ilitoka wapi. Ilianzishwa 1992 na World Federation for Mental Health, shirikisho lililoundwa London mwaka 1948. Ukifuata ukoo wa shirikisho hilo nyuma zaidi, unafika kwa mtu mmoja wa Marekani, Clifford Beers. Hakuwa daktari. Alikuwa mgonjwa.

Beers alizaliwa 1876 katika mji wa New Haven, jimbo la Connecticut, akahitimu Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1897. Kijana msomi, kama wengi wenu mnaosoma hapa, akaajiriwa na kampuni ya bima ya maisha New York. Tatizo ni kwamba kaka yake alikuwa ameanza kuanguka kifafa, naye akashikwa na hofu kwamba zamu yake inakuja. Hofu hiyo ilimtafuna miaka. Juni 1900, akiwa nyumbani kwao, alitoka kwenye dirisha la ghorofa ya juu, akaning'inia kwa vidole, akajiachia. Alitua kwa miguu kwenye udongo laini, akavunjika lakini hakufa.

Hospitali aliyopelekwa kwanza ilimlaza kwenye chumba chenye nondo dirishani. Akili yake iliyokwisha kuyumba ikapiga hesabu: nondo ni za jela, kwa hiyo mimi ni mhalifu, na kosa langu ni kujaribu kujiua. Hapo ndipo nilipotua kitabu kidogo. Kwake yeye yale yalikuwa mawazo ya ugonjwa. Kwa jirani zetu Kenya ilikuwa sheria iliyoandikwa, hadi Januari 2025 Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu kinachomshitaki aliyejaribu kujiua kinapingana na Katiba.

Kwa zaidi ya miaka miwili Beers aliamini kila mtu ni askari kanzu. Hata kaka yake George alipokuja kumtazama, aliona ni mtu aliyejifananisha naye. Mwishowe alijitungia mtihani. Alimwandikia George barua kwa siri, akimtaka aje nayo mkononi: kama ndiye kaka wa kweli, barua itakuwa imemfikia. Agosti 1902 George akaja, barua anayo. Wingu lote likaondoka siku hiyo hiyo.

Lakini mambo hayakuishia hapo, maana alitoka kwenye huzuni akarukia upande wa pili, wa kuwaka moto. Alisema mno, aliandika mno, aligombana na kila mtu. Akafungwa ndani ya lile koti linalobana mikono, akatupwa kwenye chumba chenye baridi, akapigwa na wahudumu. Kati ya 1900 na 1903 alipita hospitali tatu za Connecticut, mbili za kulipia na moja ya serikali. Katika hiyo ya serikali alifanya jambo ambalo sisi waandishi tungeliita uchunguzi: alifanya fujo makusudi ili ahamishiwe wodi ya wakali, aone wanavyotendewa. Kisha akamwandikia gavana wa jimbo barua ndefu.

Alitoka 1903, akarudi kazini, akaanza kuandika. Na hapa ndipo palipo moyo wa habari hii. Mswada wake wa mwanzo ulikuwa mkali. Akaupeleka kwa watu wazito, akiwemo mwanafalsafa William James, aliyeusifia, na Dk. Adolf Meyer, mmoja wa madaktari wa akili walioheshimika zaidi nchini humo. Meyer alimshauri aupunguze makali, asiwageuze madaktari wote kuwa maadui. Beers akakubali. Kitabu, A Mind That Found Itself, yaani akili iliyojitafuta ikajipata, kikatoka Machi 1908. Mei mwaka huo akaanzisha chama cha jimbo lake, na Februari 1909, mjini New York, kikazaliwa chama cha taifa, National Committee for Mental Hygiene. Hata hilo jina la siha ya akili lilipendekezwa na Meyer.

Je, aliuza msimamo? Mimi nilipoanza kusoma nilisema ndiyo, bila kusita. Sasa sina uhakika huo. Mwaka 1908 nani angemsikiliza mtu aliyetoka hospitali ya vichaa bila daktari wa kumdhamini? Naye Meyer hakuridhika. Alitaka kazi ya polepole, mtaa kwa mtaa, wakati Beers alitaka chama kikubwa cha taifa zima. Mwisho wa 1910 Meyer akajitoa.

Chama kikabaki na katibu mwenye moto mwingi na mfuko mtupu. Tajiri Henry Phipps ndiye aliyekikwamua kwa dola 50,000, na 1912 akaletwa Dk. Thomas Salmon, aliyekuwa akiwapima akili wahamiaji waliokuwa wakiteremka Ellis Island. Kuanzia hapo kiti cha kuamua kazi kikawa cha daktari. Salmon alikuwa hodari, tusimwonee. Alipeleka wataalamu jimbo kwa jimbo kukagua wagonjwa wanavyotunzwa, akapata fedha za Rockefeller, na katika Vita vya Kwanza vya Dunia akasimamia matibabu ya akili ya askari wa Marekani waliokuwa Ufaransa. Baada yake, mwanzoni mwa miaka ya 1920, chama kikaegemea kliniki za watoto na kuzuia ugonjwa kabla haujaanza. Kazi njema, yenye wafadhili. Beers alibaki katibu, mtafuta fedha, mwandaaji wa mkutano mkubwa wa kimataifa wa 1930 pale Washington.

Na yule mtu wa wodi ya wakali? Alisahauliwa. Katikati ya miaka ya 1940 picha za hospitali za Marekani zilitoka magazetini: watu uchi, wamelundikana sakafuni, wengine wamefungwa. Waliofichua hawakuwa wataalamu wa chama. Walikuwa vijana waliokataa kwenda vitani kwa ajili ya imani zao, serikali ikawapangia kazi ya uhudumu katika hospitali hizo. Walikuwa wakiandika kila walichokiona, kama Beers alivyoandika miaka 40 kabla yao. Wakaunda shirika lao 1946, na 1950 likaungana na chama cha Beers. Mwaka 1953 minyororo na pingu zilizokusanywa hospitalini ziliyeyushwa, ikafuliwa kengele moja kubwa. Chama chenyewe kipo hadi leo, kwa jina la Mental Health America.

Beers hakuiona kengele hiyo. Aliacha kazi 1939, huzuni ya ujana wake imemrudia, akaomba kulazwa Butler Hospital, mjini Providence. Alikaa humo miaka minne, akafa Julai 1943. Mtu aliyefahamika nchi nyingi alikuwa tena mgonjwa ndani ya wodi, akiandikiwa na wengine lini ale na lini alale.

Wiki iliyopita niliomba kwa waandaaji wa ile shughuli namba ya mmoja wa wale wa safu ya mwisho. Nikaulizwa namtafutia nini, msemaji si yupo? Nilisisitiza mpaka nikapewa. Nimempigia. Ni mama mmoja wa makamo, na kitu cha kwanza alichoniuliza ni kama jina lake litaandikwa kweli, au nitaandika "mgonjwa" tu. Tunaonana Jumamosi.