Muundi uliovunjika karibu na goti: wakati gani upasuaji huhitajika

Mkazi wa Haneti, wilayani Chamwino, anayeanguka na pikipiki na kuvunjika muundi chini kidogo ya goti, huenda akalazimika kusafirishwa hadi hospitali za rufaa jijini Dodoma. Namna anavyohudumiwa kabla ya kufika huko huweza kuamua hatima ya mguu wake.

Sehemu ya juu ya muundi ndiyo inayobeba uzito wa mwili gotini. Ufa ukiingia ndani ya kiungo, uso wake laini huweza kubonyea. Mfupa ukiunga katika hali hiyo, goti hupinda na baadaye husagika.

Mvunjiko ambao haujasogea huweza kutibiwa bila kisu. Uliosogea huhitaji upasuaji. Daktari hupiga picha za eksirei, na aghalabu husubiri uvimbe upungue. Kisha huinua sehemu iliyobonyea, hujaza pengo kwa vipande vya mfupa, mara nyingi kutoka nyonga ya mgonjwa mwenyewe, na kukaza kwa bamba la chuma na skrubu. Mgonjwa huanza mapema kukunja goti, lakini hutembelea magongo kwa takriban wiki 6 hadi 12.

Mguu ukikakamaa kwa uvimbe, maumivu yakizidi, unyayo ukiwa baridi au vidole vikifa ganzi, hiyo ni dharura: misuli huweza kufa ndani ya saa chache.

Kwa hiyo majeruhi asikandwe wala kunyooshwa mguu kwa nguvu. Afungwe banzi kuanzia pajani hadi kifundoni, bila kukaza, na apelekwe hospitali mara moja.