Zanzibar Mpya ya Familia ya Simpson

Nimeitazama mara mbili wiki hii, kwenye simu, hapa Mkiwa, pale barabara ya kutoka Itigi inapoungana na ile ya Dodoma kwenda Singida. Mara ya pili mtoto wa kaka yangu alikuwa anachungulia begani. Alicheka weee, halafu akauliza: "Baba mdogo, hii ni Tanzania ya wapi?"

Inaitwa "Simpson Safari", sehemu ya 17 ya msimu wa 12 wa The Simpsons, ile katuni ya Kimarekani ya vichekesho vya familia iliyoanza mwaka 1989. Ilirushwa na Fox tarehe 1 Aprili 2001, Siku ya Wajinga. Homer anapata safari ya bure kwa sababu ya zawadi iliyosahaulika ndani ya boksi kuukuu la biskuti za umbo la wanyama. Wakiwa bado angani, nchi inabadilishwa jina: eti sasa ni "New Zanzibar", na baadaye kidogo jina la kampuni ya soda linabandikwa mbele. Wanapoondoka, rais aliyeangushwa ndiye anayewahudumia kwenye ndege, na kiti chake kakikalia Kitenge, aliyekuwa akiwaongoza porini.

Makosa yapo. Maporomoko ya Victoria yamehamishiwa kwetu wakati yako mpakani mwa Zambia na Zimbabwe. Jina la Kitenge nililicheka, nikajirudi: wapo Watanzania wanaoitwa hivyo. Yupo pia mtafiti wa sokwe, mzaha wa wazi kwa Jane Goodall aliyefika Gombe Julai 1960, ila huyu wa katuni anawatumikisha sokwe wachimbe almasi. Gombe hakuna almasi, ziko Mwadui kule Shinyanga.

Lakini huu utani wa jina, jamani, si uongo kabisa. Chukua mtu wa Unguja mwaka 1964. Mwaka unaanza yuko chini ya Sultani. Tarehe 12 Januari yanatokea Mapinduzi, anakuwa raia wa Jamhuri ya Watu wa Zanzibar na Pemba. Tarehe 26 Aprili ni Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Oktoba, Tanzania. Yaani kabla mwaka haujaisha ameshapitia majina manne bila kuhama nyumba. Wachoraji wa katuni walichelewa miaka 37 tu.

Utani wa rais kupinduliwa ndio uliokosa shabaha. Nyerere aliondoka mwenyewe mwaka 1985, Mwinyi akamaliza vipindi vyake 1995, na mwaka ule wa 2001 Mkapa alikuwa ameshinda uchaguzi wa pili miezi michache nyuma. Ningeweza kuishia hapa nikijipigia kifua, kama tulivyozoea: sisi kisiwa cha amani.

Tatizo ni tarehe. Januari 26 na 27, 2001, wafuasi wa CUF waliandamana kupinga uchaguzi wa Zanzibar wa Oktoba 2000. Polisi wakafyatua risasi. Makumi ya watu waliuawa, wengi wao Pemba, na karibu watu 2,000 wakavuka bahari kwenda Shimoni, Kenya. Nchi iliyozoea kupokea wakimbizi ikawa imetoa wa kwake. Muafaka ulitiwa saini Oktoba mwaka huohuo. Katuni za aina hii huandaliwa miezi mingi kabla ya kurushwa, kwa hiyo siwalaumu waandishi; hawakuwa na habari hizo. Ila siku Wamarekani wanaicheka ile "Zanzibar Mpya", Wapemba walikuwa bado ukimbizini. Utani uliotungwa bila kutujua ulipita karibu na kidonda chetu kuliko magazeti mengi ya nje.

Mtoto nilimweleza ya 1964, akahesabu yale majina manne kwa vidole. Ya Januari 2001 sijamwambia bado. Alitaka turudie pale kiboko anapowakimbiza.