Herufi Ubavuni mwa Behewa

Katika Marekani wapo watu wazima, wengi wao wastaafu, ambao kwa miaka mingi hujenga reli ndogo katika vyumba vya nyumba zao, zenye stesheni, madaraja na vilima vya plasta. Kipimo kinachopendwa zaidi ni 1 kwa 87, hivyo behewa la mizigo lenye urefu wa mita 12 linabaki kuwa la sentimita 14 hivi. Wenzangu kadhaa chuoni huucheka uraibu huu, wakiuona mchezo wa watoto waliochelewa kukua. Mimi ni mwalimu wa historia, nami huuheshimu kwa sababu ya jambo moja tu: namna watu hawa wanavyochagua herufi za kubandika kwenye mabehewa yao.

Behewa la mfano linaweza kununuliwa tupu, lina rangi lakini halina neno. Herufi huuzwa kando, zimechapwa juu ya utando mwembamba ulioshikizwa kwenye karatasi. Ukiloweka kipande majini kwa muda mfupi, utando huachia, nawe unautelezesha taratibu mpaka ukae ubavuni mwa behewa. Kazi ya mkono ni ya saa moja. Kazi ya kuchagua yaweza kuchukua wiki nzima, kwa kuwa behewa la kweli hubeba maandishi mengi kuliko abiria anavyodhani: herufi mbili hadi nne za kumtambulisha mwenyewe, namba, uzito wa behewa likiwa tupu, uzito wa shehena linaloruhusiwa kubeba, mwezi na mwaka lilipoundwa. Herufi za utambulisho zikiishia na X, basi mwenye behewa si kampuni ya reli. Ni mwenye kiwanda, au mkodishaji.

Kwa hiyo anayechagua herufi analazimika kwanza kuchagua mwaka. Akitaka treni yake iwe ya mwaka 1955, hawezi kubandika kibao kidogo cheusi chenye doa la manjano, kwani alama ile ilianza mwaka 1978, serikali ya shirikisho ilipoamuru aina fulani ya magurudumu ikaguliwe. Kosa hilo wenzake wataliona mara moja. Natamani waandishi wa hotuba zetu za kitaifa wangekuwa na wasomaji wakali kiasi hicho.

Tarehe huchukua sehemu tu ya kazi hiyo. Maandishi hayo yana siasa ndani yake. Mwanzoni mwa karne iliyopita mabehewa ya kubebea nyama, bia na siagi yalipakwa matangazo makubwa ya biashara kwa rangi za kuvutia, nayo yalizunguka nchi nzima. Mwaka 1934 tume ya serikali iliyosimamia biashara kati ya majimbo iliyapiga marufuku. Malalamiko yalikuwa mepesi kueleweka: mfanyabiashara gani atakubali siagi yake isafirishwe katika behewa linalotangaza siagi ya mshindani wake? Behewa lililopaswa kumhudumia kila mteja kwa usawa lilikuwa limekwisha kuchukua upande. Anayejenga treni ya mwaka 1950 hatakiwi kuyatumia mabehewa hayo, ingawa ndiyo mazuri kuliko yote dukani. Wengi huyanunua hata hivyo.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Conrail. Kampuni kubwa ya Penn Central, iliyozaliwa mwaka 1968 kwa kuunganisha mahasimu wawili wa zamani, Pennsylvania Railroad na New York Central, ilifilisika mwaka 1970. Tarehe 1 Aprili 1976 mabaki yake, pamoja na ya kampuni nyingine zilizofilisika, yalikabidhiwa Conrail, shirika lililoanzishwa na serikali. Mwaka 1999 Conrail nayo iligawanywa baina ya Norfolk Southern na CSX. Mabehewa yaliyokwenda upande wa kwanza yalipewa herufi PRR, za Pennsylvania. Yaliyokwenda upande wa pili yakapewa NYC, za New York Central. Kampuni zilizokuwa zimefutika kwa zaidi ya miaka thelathini zikarudi ubavuni mwa mabehewa, kwa sababu za kisheria na za uhasibu tu. Mtu asiyejua historia hiyo akiliona behewa la PRR la mwaka 2002 atadhani mpaka rangi amepitiwa.

Kisha likaja suala la nani anazimiliki herufi za wafu. Union Pacific ilikuwa imezimeza kampuni nyingi, miongoni mwao Missouri Pacific, Chicago and North Western na Southern Pacific. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikawataka watengenezaji wa treni za mfano walipie haki ya kutumia alama zake, zikiwemo za kampuni hizo zilizokwisha kufa. Mwaka 2004 ikawashtaki watengenezaji wawili, Athearn na Lionel. Waraibu walikasirika: mtu alitakiwa kulipia jina ambalo kampuni yenyewe ilikuwa imelifuta kwa brashi. Mwaka 2006 Union Pacific iliacha kudai malipo hayo. Raia wa kawaida, kwa kushikilia mabehewa ya sentimita 14, walikuwa wameitetea haki ya kukumbuka.

Naandika haya nikiwa na behewa jingine akilini, nalo ni la kwetu. Chukua behewa moja la mizigo lililokuwa likitumika kati ya Mombasa na Kampala mwaka 1947. Babu yake alihudumia Uganda Railway, reli iliyoanza kujengwa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Jina hilo si ajabu kama linavyowafanya wanafunzi wangu waamini, kwani Kisumu ilikuwa ndani ya Himaya ya Uganda hadi mwaka 1902, mpaka uliposogezwa. Reli haikuhama, jina ndilo lililoachwa upande usio wake. Mwaka 1926 ikawa Kenya and Uganda Railway. Mwaka 1948 ikaunganishwa na reli za Tanganyika kuwa shirika moja, na behewa letu likawa la EAR, la Afrika Mashariki yote. Makao makuu yalikuwa Nairobi, lakini behewa lingeweza kulala popote.

Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika. Kila nchi iliunda shirika lake la reli, na kwa kiasi kikubwa kila moja ilishika kilichokutwa ndani ya mipaka yake. Ndege zilizuiliwa, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Ama kuhusu nani ni mwenye mali kisheria, hilo lilihitaji miaka saba ya usuluhishi ulioongozwa na Victor Umbricht, mwanadiplomasia kutoka Uswisi. Mkataba ulitiwa saini Arusha tarehe 14 Mei 1984, ukaipa Kenya asilimia 42 ya thamani ya mali, Tanzania 32 na Uganda 26. Uganda, iliyobaki na vitu vichache kuliko fungu lake, ikaahidiwa fidia.

Tazama sasa kazi ya mtu anayetaka kubandika herufi za behewa hilo. Akichagua mwaka 1972, jibu ni rahisi. Akichagua 1986, atauliza lilikutwa wapi. Lakini akichagua 1980? Brashi ilikuwa imetangulia hukumu. Herufi za shirika jipya ubavuni zilikuwa dai la upande mmoja juu ya mali ambayo wenyewe watatu walikuwa bado wanaijadili mezani, na behewa lilikuwa likibeba mahindi kila siku huku mzozo ukiendelea. Serikali zote tatu zilifanya hivyo, nami sioni ni vipi zingeweza kungoja: treni haiwezi kusimama miaka saba. Ninachokilalamikia ni kwamba jambo hili halimo katika vitabu vya shule vya nchi yoyote kati ya tatu nilivyovipitia. Mwanafunzi huambiwa Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, kisha ukurasa unageuzwa, na leo maofisa vijana wanajadili miradi mipya ya pamoja bila kujua mabehewa ya zamani yaligawanywaje.

Muhula huu nimewapa wanafunzi wa mwaka wa pili behewa la karatasi ngumu, kila mmoja la kwake, na mwaka aliopangiwa kwa kura. Waliopata 1980 wameniomba wabadilishiwe. Nimekataa. Msomaji uliyefanya kazi karakana yoyote ya reli miaka hiyo, hasa uliyeshika brashi mwenyewe, au mwenye picha ya behewa la wakati ule, niandikie. Wanafunzi hawa wana hadi mwisho wa mwezi.