Shakwe wa Daraja la Tanzanite na bunduki isiyoua

Tulipokuwa watoto Mlandege, Iringa, mwewe akishuka kunyakua kifaranga tulibaki na kelele za tetea na unyoya mmoja unaelea. Bawa lenyewe hatukuwahi kuliona. Nimekuja kuliona utu uzima, Januari moja asubuhi, nikiwa juu ya Daraja la Tanzanite, Dar es Salaam. Na aliyenionyesha ni shakwe.

Kaskazi ilikuwa inavuma kutoka baharini, inagonga daraja na kupanda juu, naye ameulalia upepo ule, usawa wa macho yangu, hapigi bawa. Nilifyatua kamera mara ishirini hivi. Nyingi zilitoka mkia mtupu au bahari tupu. Moja ikamnasa mzima: manyoya ya ncha yameachana, mwanga unapenya katikati yake.

Picha hiyo deni lake liko kwa Mfaransa Étienne-Jules Marey, daktari aliyechunguza namna miili inavyotembea. Mwaka 1882 alitengeneza bunduki ya ajabu. Ndani ya mtutu mlikuwa na lenzi. Pa kuwekea risasi pakawa na kioo cha duara chenye dawa ya picha, kinachozunguka ukivuta kifyatulio. Ilipiga picha 12 kwa sekunde, kila moja kwa 1/720 ya sekunde. Alikwenda nayo Naples, Italia, akawa anawalenga ndege wa baharini. Yasemekana majirani walimwona punguani: kutwa analenga, jioni anarudi mikono mitupu. Kumbe amebeba kitu ambacho binadamu hakuwahi kukiona tangu aanze kutazama angani.

Kitabu chake cha mwendo wa wanyama kilikuwamo nyumbani kwa akina Wright, Marekani, na Wilbur, mmoja wa ndugu hao, mwenyewe alieleza kwamba alikisoma zaidi ya mara moja. Desemba 1903 wakaruka kwa ndege waliyoiunda. Sisi Waswahili tuna neno moja, ndege, kwa kiumbe na kwa chombo, na kila nikiikumbuka habari hii naona lugha yetu imesema kweli.

Miaka hiyohiyo, huku kwetu, Mjerumani Carl Georg Schillings alikuwa akipiga picha za wanyama usiku porini kwa mwanga wa magnesiamu. Mizigo ile ya kamera na vioo ilibebwa na wapagazi wetu, na majina yao yalistahili kuandikwa chini ya kila picha.

Nikirudi Dar es Salaam, hapo Salenda, jirani na Tanzanite, daraja la zamani liko chini. Maji yakipwa unawaona ndege wakitembea kwenye tope, wakiruka unabaki kuwatazama matumbo. Tanzanite, lililozinduliwa na Rais Samia Machi 2022, limepita juu ya bahari yenyewe kwa zaidi ya kilomita moja. Limempeleka mtu anakopita shakwe. Baadhi ya shakwe hao wametoka kuzaliana kaskazini mwa Urusi, wanakuja kwetu kukwepa baridi.

Jioni ile nilimtumia mama picha kwa simu, huko Mlandege. Akapiga haraka.

"Mwanangu, huyu ndege ana kiwiko!"

Nikaifungua tena, nikaikuza. Ni kweli, bawa limekunjwa katikati kama mkono wa mtu anayejitwisha ndoo.

"Na mwewe je, mama?"

"Nitamtazama kesho."