Tetema (wimbo)

Tetema ni wimbo wa Bongo Fleva wa Rayvanny, msanii mzaliwa wa Mbeya, aliomshirikisha Diamond Platnumz. Ulitoka Februari 2019 chini ya lebo ya WCB Wasafi, na mdundo wake ulitengenezwa na prodyuza S2kizzy.

Rayvanny, jina kamili Raymond Shaban Mwakyusa, alianza kwa kuchana mistari ya rap. Alipitia kundi la Tip Top Connection kabla ya kuingia WCB, akatoa "Kwetu" mwaka 2016 na kutwaa tuzo ya BET ya chaguo la watazamaji, kipengele cha msanii mpya wa kimataifa, mwaka 2017. Mwishoni mwa 2018 Baraza la Sanaa la Taifa la Tanzania (BASATA) liliufungia wimbo wake na Diamond, "Mwanza", kisha likawazuia wote wawili kufanya maonyesho. Walikuwa wamefunguliwa kwa wiki chache tu "Tetema" ilipotoka.

Mashairi ni machache. Kazi kubwa inafanywa na ngoma nzito na kibwagizo cha kitenzi kimoja kinachorudiwarudiwa, ambacho hata asiyejua Kiswahili hukishika upesi.

Nchini Kenya wanasiasa waliucheza majukwaani, huku mkuu wa bodi ya filamu wa wakati huo, Ezekiel Mutua, akikataza usichezwe nje ya baa na klabu. Katazo hilo halikuupunguzia mashabiki.

Baadaye Pitbull alishiriki katika rimiksi yake. Novemba 2021 Maluma wa Kolombia alitoa na Rayvanny "Mama Tetema", iliyochanganya Kihispania na Kiswahili, nao wakaiimba kwenye tuzo za MTV EMA jijini Budapest.