Sakiti: Kwa Nini Kuifungua Ni Kuzima

Tuchukue nyumba moja mjini Butere, mchana wa Februari, jua linachoma mabati. Feni ya darini, ile yenye taa katikati, inapunguza mwendo hadi inasimama, na taa yake imezimika papo hapo. Vyumba vingine vina stima kama kawaida. "Stima haifiki kwenye feni," mwenye nyumba anamwambia fundi. Fundi anapanda ngazi, anagusa waya wa laivu kwa testa, na testa inawaka. "Imefika, mama," anajibu. "Haina njia ya kurudi."

Katika jibu hilo mna maana yote ya istilahi sakiti. Sakiti ni njia kamili ya umeme: unatoka kwenye chanzo, unapita kwenye swichi na kifaa, kisha unarudi kwenye chanzo. Reli inayotoka Kisumu huishia Butere. Treni ikifika, abiria hushuka na safari yao imekwisha. Umeme hauna kituo cha mwisho. Ukikosa pa kurudia, hata safari ya kwenda haipo. Ndiyo maana feni huhitaji nyaya mbili ili izunguke, laivu ya kwenda na nyutro ya kurudi, na waya wa athi huongezwa kwa ajili ya usalama.

Fundi alikuwa na dokezo tangu mlangoni: feni na taa zimekufa pamoja. Mota ina koili zake na taa ina balbu yake, na ni nadra vyote viwili viungue kwa wakati mmoja. Kwa hiyo shaka huelekezwa pale vinaposhirikiana: swichi, kiungio cha darini, au nyutro. Kama taa ingewaka huku feni ikinguruma bila kuzunguka, mshukiwa wa kwanza angekuwa kapasita, kifaa kidogo kinachoisaidia mota kuanza. Sasa anagusa nyutro, na testa inawaka huko pia. Nyutro nzima haiwashi testa. Hii imekatika mahali fulani kati ya feni na ubao wa fyuzi, na ile laivu iliyopenya kwenye balbu na koili imekwama hapo.

Wako wanaopendelea kuiita sakiti mzunguko. Hoja yao ina nguvu, kwa kuwa hata neno la Kilatini ambalo Waingereza walilichukua, na sisi tukalipata kwao, lilimaanisha kuzunguka. Mzunguko pia humfundisha mwanafunzi bila kamusi kwamba kilichokwenda hurudi. Tatizo ni kwamba neno hilo lina kazi nyingi mno. Mapanga ya feni hii yana mzunguko wake. Umeme wetu wa volti 240 una mizunguko 50 kwa sekunde. Tukiita na njia yake mzunguko, sentensi moja ya fundi itakuwa na mizunguko ya aina tatu, na msikilizaji atapotea. Sakiti lina kazi moja tu. Isitoshe, mwanawe tunamjua zamani: shoti, ambayo ni umeme kupata njia ya mkato na kuruka kifaa.

Utata mkubwa zaidi uko kwenye neno linaloandamana nalo. Vitabu husema sakiti ikiwa wazi, umeme haupiti, ikifungwa, unapita. Lakini sisi tunafungulia redio ili iimbe na mfereji ili maji yatoke. Mlango ukiwa wazi, tunapita. Mwanafunzi akiambiwa sakiti iko wazi, ana haki ya kudhani kwamba stima inatiririka. Picha inayofaa hapa ni ya daraja: likiachana katikati, hakuna anayevuka, hata kama kingo zote mbili ziko salama. Basi badala ya sakiti wazi, tuseme sakiti iliyokatika. Wakenya hawahitaji kufundishwa neno hilo, kwani kila siku tunasema stima imekatika.

Usahihi huu una faida nje ya darasa. Anayeamini kwamba stima haijafika ataona waya wa darini hauna madhara, aushike kwa mkono. Anayejua kwamba sakiti imekatika upande wa kurudi ataelewa kwamba laivu bado iko pale juu, tena sasa iko kwenye nyaya zote mbili. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi. Zima meni swichi, hakikisha kwa testa, halafu mwite fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayodhibiti nishati na petroli nchini Kenya. Taa iliyozimika si ushahidi kwamba waya umekufa.