Nakala, Chapa na Mwigo: Ndege wa Audubon katika Msamiati wa Picha

Neno "nakala" tumelipata kutoka Kiarabu, ambako shina lake lina maana ya kuhamisha kitu kutoka mahali hadi mahali. Maofisini tunaliandika kila siku chini ya barua, na hakuna Katibu Mkuu aliyewahi kudhani kwamba nakala aliyopelekewa ni barua ya uongo. Mwenye nakala ya kitabu naye anacho kitabu hasa. Lakini mtu akisema kwamba picha iliyo ukutani mwake ni nakala, mara thamani yake hushuka machoni pa wageni.

Tofauti hii haikutuhangaisha mpaka tulipoletewa, kwa kusahihishwa, tafsiri ya orodha ya vitu vya mnada. Humo picha moja ya ndege iliitwa, katika mistari mitatu, "picha halisi", "nakala" na "iliyochorwa kwa mkono". Mfasiri tusimlaumu upesi. Historia ya picha za namna hiyo ndiyo inayotatiza, nasi tumeonelea tuieleze kabla ya kupendekeza istilahi.

John James Audubon aliwasili Liverpool mwaka 1826 na michoro ya ndege wa Amerika, kila ndege kwa ukubwa wake wa maumbile. Michoro hiyo, aliyoitia rangi za maji kwa mkono wake, ndiyo asili. Hakuja kuiuza, alitafuta fundi wa kuihamishia kwenye mabamba ya shaba. Wa kwanza alikuwa William Home Lizars wa Edinburgh, aliyechora mabamba 10, la kwanza likiwa la bata mzinga dume wa mwituni. Mwaka 1827 watiaji rangi wa Lizars waligoma, kazi ikasimama, na Audubon akaipeleka London katika karakana ya Robert Havell. Yafaa msomaji alitie maanani jambo hilo: shaba ilikuwapo, wino ulikuwapo, mtambo ulikuwapo, lakini bila wale wenye burashi hapakuwa na kitu cha kumpelekea mnunuzi.

Sababu yake ni hii. Bamba lilipakwa vumbi la ulimbo, likaliwa na tindikali mpaka likashika mistari na vivuli. Kisha likatiwa wino, karatasi ikalazwa juu yake, vyote vikapitishwa mtamboni. Aliyetoka huko alikuwa ndege wa wino mtupu. Wekundu wa heroe na kijani cha kasuku vilipakwa kwa mkono, karatasi moja baada ya moja, na watu waliofikia 50, wakifuata kielelezo kilichowekwa mbele yao. Kazi ilipokamilika mwaka 1838, mabamba yalikuwa 435, na karatasi zake zilikuwa zimetolewa kwa mafungu 87 ya karatasi tano tano. Karatasi yenyewe ina urefu wa karibu mita moja. Seti kamili hazikuzidi 200, lakini hata hivyo ni makumi ya maelfu ya karatasi zilizopita chini ya burashi. Haiwezekani mbili zilingane kabisa, na wako wanunuzi waliolalamika kwamba rangi za karatasi zao hazikuridhisha.

Chini ya karatasi nyingi yamechapishwa maneno yasemayo kwamba Audubon alichora kutokana na maumbile, na kwamba Havell alichora bamba, akapiga chapa na kutia rangi. Vitenzi vitatu vimepewa mtenda mmoja! Wale 50 hawamo. Wala hamna Joseph Mason, kijana aliyemchorea Audubon mimea mingi kati ya mwaka 1820 na 1822. Audubon, ambaye pia alipata kumiliki na kuuza watumwa, hakuwa mwepesi wa kuitaja mikono iliyomsaidia. Mfasiri hana budi kuyafasiri maneno ya bamba kama yalivyo. Lakini katika maelezo yake mwenyewe halazimiki kuyarudia.

Vitabu hivyo vikubwa vilinunuliwa na matajiri na maktaba. Picha zilizoingia katika nyumba za watu wa kipato cha kati zilitokana na toleo dogo la J. T. Bowen wa Philadelphia, la mwaka 1840 hadi 1844, lenye picha 500. Hizo zilipigwa chapa kwa jiwe, si kwa shaba, ila rangi zilitiwa kwa mkono vilevile. Toleo la Julius Bien, lililoanza mwaka 1858, lilipiga rangi zenyewe kwa mawe, na Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani vikalikatiza. Michoro ya asili ilinunuliwa na Jumuiya ya Historia ya New York mwaka 1863 kutoka kwa Lucy, mjane wa Audubon. Mabamba mengi yaliishia kuuzwa kama vyuma chakavu. Mwaka 1985 sita kati ya yaliyosalia yalipigwa tena chapa za rangi, na mkono ukarudi kuzikamilisha kwa rangi za maji.

Kwa hiyo tunapendekeza "mchoro wa asili" kwa kazi ya mchoraji mwenyewe tu. Waingereza hutumia neno moja kwa shaba na kwa karatasi itokanayo nayo. Sisi tuseme "bamba" kwa ya kwanza na "chapa" kwa ya pili. Iliyopakwa burashi baada ya mtambo iitwe "chapa iliyotiwa rangi kwa mkono", na iliyotoka mtamboni na rangi zake, "chapa ya rangi". Fundi wa leo anayeketi na burashi akaifuatisha kazi ya Audubon kuanzia karatasi tupu, kwa ajili ya sebule ya mteja wake, hatoi chapa. Kazi yake ni "mwigo wa mkono", na akiuza kwa jina hilo asiitwe mwenye kitu bandia. "Nakala" tuwaachie wenye vitabu na barua.

Ile picha ya mnada tuliitazama kwa kioo cha kukuzia. Tulirudisha orodha ikisomeka: "Chapa ya jiwe, Philadelphia, imetiwa rangi kwa mkono na fundi asiyetajwa." Bei iliyokuwa imependekezwa ilifutwa siku hiyohiyo.